Baba Anakataa Maji

Misima, Handeni
14 Januari 2024

Baba Ikram,

Salaam aleykum. Usishtuke kupata barua ya karatasi zama hizi. Simu ya nyumba hii ni moja, na tangu mama yako atutoke anayeishika ni baba. Anailaza kifuani kama kitoto. Tukiongea anasikia kila neno, maana ameifungulia ile sauti kubwa. Meseji ikiingia, kwa kuwa macho yake hayasomi tena, anamwita yeyote anayepita njiani amsomee. Ile uliyoandika "nimekukumbuka sana mke wangu" alisomewa na muuza dagaa, na sasa kijiji kizima kinanisalimia hivyo. Kwa hiyo karatasi hii nimempa Muhsin jirani. Kosta yake inafika Korogwe kila siku, na ameapa atakuletea Ngombezi mkononi.

Jambo langu ni moja. Baba anakataa maji. Tangu tumzike mama hii ni wiki ya saba. Kwamba upande wa kushoto umepooza na mguu anauburuta, hayo unayajua. Hili la maji hulijui. Mama alipokuwepo lilikuwa lao wawili, hakuna aliyeuliza. Mimi ni mkwe, Baba Ikram. Siwezi kuandika zaidi ya hapo. Wewe ni mtu mzima, utanielewa.

Halafu kuna udi. Anataka nimchomee chumbani asubuhi na jioni, na mlango ufungwe. Wageni hawataki. Jana mzee mwenzake alikuja kumjulia hali, baba akajifanya amelala mpaka mgeni akaondoka.

Njoo, hata kwa siku mbili. Na usimwambie kwamba nimekuandikia.

Mkeo,
Mwanaidi


Kambini, Ngombezi
21 Januari 2024

Mama Ikram,

Waaleykum salaam. Muhsin kanifikishia barua akiwa anacheka, nadhani alishaichungulia. Nimefurahi kuona mwandiko wako, ingawa habari si njema.

Mzee kukataa maji ni jambo la kawaida kwa umri wake. Watu wazima hawasikii kiu. Usimpe maji matupu, mpikie uji mwepesi, mtilie ndimu na sukari kidogo. Madafu yakipatikana mpe. Akiendelea kukataa, mpeleke zahanati wamwangalie koo. Marehemu mjomba naye alikuwa hivyo hivyo, tukampa maji ya mchele na akainuka.

Hilo la udi limenichekesha. Mzee asije akawa ametia macho kwa mjane fulani hapo jirani!

Kuja ni vigumu. Nimehamishiwa kwenye brashi, tunakosafisha singa za mkonge, na nyapara wetu hajui neno "dharura". Nivumilie. Mimi najua baba yuko kwenye mikono salama.

Mumeo,
Twaha


Misima
27 Januari 2024

Baba Ikram,

Nimesoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikalia. Uji wa ndimu!

Haya, nitavua haya niandike, Mungu anisamehe. Si maji ya kikombe. Ni maji ya ndoo. Baba yako haogi.

Kila jioni nampashia maji, namwekea ndoo bafuni, sabuni na taulo juu ya kiti. Namwongoza mpaka mlangoni, kisha natoka mpaka kule kwenye mihogo, nisisikie kitu, kama inavyompasa mkwe. Baada ya muda namsikia anamwaga maji, pwaa, pwaa, halafu ananiita, "Tayari, mwanangu, Mungu akubariki." Nami nikawa nashukuru kwamba mzee anajiweza. Mpaka nilipotazama sabuni. Sabuni ile ile, wiki ya nne, maandishi yake hayajafutika hata herufi moja. Taulo kavu. Vumbi la asubuhi liko bado kwenye miguu yake. Anayamwaga chini, Twaha. Anasimama mle ndani na nguo zake, anamwaga maji sakafuni ili mimi nisikie.

Kwa mkono mmoja hawezi kufungua hata shuka kiunoni, na mimi hawezi kuniita. Afadhali aoze kuliko kuniita mimi, mke wa mwanawe. Tungekuwa na mtoto wa kiume angemsaidia babu yake, lakini aliyebaki ni Ikram, naye yuko bweni.

Sasa nimeandika. Hata kalamu imeona aibu. Njoo umwogeshe baba yako.

Mwanaidi


Ngombezi
4 Februari 2024

Mama Ikram,

Nimekuelewa sasa. Pole.

Lakini punguza ukali. Mtu na baba yake si jambo la kuamka na kulifanya kama kwenda dukani. Tafuta mwanamume hapo, mtu wa msikitini au hata Muhsin, amsaidie. Wanaume kwa wanaume hawaoneani haya.

Na naomba jambo moja kwa msisitizo. Wewe usimguse. Hata kama anaanguka mbele yako, ita watu. Mkwe ni mkwe. Nyumba yetu imebaki na heshima hiyo moja, na ikivunjika haiungwi. Kwenu Kwaluguru labda mnalegeza mambo, kwetu hapana. Mwanamke anayejua kazi yake hapigi kelele, hutafuta njia.

Ruhusa nimeiomba, bado sijajibiwa.

Twaha


Misima
11 Februari 2024

Twaha,

Kwetu Kwaluguru tunalegeza mambo? Nitakuachia hilo ulimeze mwenyewe, bila ndimu.

Njia nimetafuta. Muhsin alikuja Jumanne baada ya kazi, na taulo lake begani, kijana wa watu na moyo wake safi. Baba alimpiga na mkongojo. Alimwambia, nami nilikuwa uani nikisikia, "Mwanamume akioshwa na watu, ujue ni siku ya sanda. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na mimi bado napumua. Nina mtoto wa kiume. Mwiteni mwanangu." Muhsin alitoka na nundu kwenye paji la uso. Hajaniambia neno baya.

Umesikia? Mwiteni mwanangu.

Sasa lililo kubwa zaidi. Jana nilibadilisha shuka la kitanda akiwa barazani. Nikakuta doa, pale panapolaliwa na nyonga. Halikuwa la mkojo. Nimelea watoto, najua mkojo. Lilikuwa la kidonda, na harufu yake ndiyo iliyokuwa ikizibwa na udi siku zote hizi. Mjane wa jirani, ulisema.

Nilimleta nesi Dorkasi wa zahanati. Baba alimkaribisha vizuri, akamwuliza habari za watu wa Usambara, akamsifia na mtandio wake, lakini kuinuka kwenye kiti alikataa katakata. "Mimi mzima, mwanangu, kawatibu wagonjwa." Dorkasi aliniita pembeni. Kidonda cha kulalia kikiachwa kwenye uchafu huingia mpaka mfupani, kikifika huko hakina mazungumzo. Alisema zimebaki wiki mbili, labda tatu.

Na ameacha kuswali. Sauti ya adhana ikisikika anageuza uso ukutani. Nilimwuliza kwa mbali, akasema, "Mtu anasimama mbele ya Mola wake akiwa msafi." Nikamwambia shehe anasema mgonjwa anapunguziwa. Akanijibu, "Shehe haninusi." Mwezi mtukufu uko mlangoni, Twaha, na mzee aliyekuwa akifungua msikiti alfajiri kuliko wote anajihesabu mchafu.

Mficha uchi hazai, walisema wazee. Usipolitazama hili kwa macho yako nitakuzikia baba yako. Nakupa mpaka Ijumaa ijayo.

Mwanaidi


Ngombezi
17 Februari 2024

Mke wangu,

Ijumaa imepita jana na sikuja. Utakuwa umekaa barazani ukihesabu Kosta. Nina jambo la kukuambia ambalo nisipoliandika leo sitaliandika tena.

Nilielewa tangu barua ya kwanza.

Uliposema baba anakataa maji, nilijua ni maji gani. Nani asiyejua? Nimekulia kwenye nyumba ile. Ule uji wa ndimu niliutunga. Nilikaa kitandani nikautafuta kama mwanafunzi anayetafuta uongo wa kumwambia mwalimu. Na ruhusa sijaomba. Nyapara si mtu mbaya, ningemwambia angeniachia siku hiyo hiyo.

Mimi naogopa, Mwanaidi. Nilikuwa na miaka sita au saba. Nilishuka bwawani mchana kumfuata baba, nikamkuta anaoga. Nikasimama nikimtazama, mtoto hajui. Bibi alikuwa nyuma yangu na ndoo yake. Alinishika sikio, akanitemea mate usoni, akasema, "Umeuona uchi wa baba yako. Wa kiume hutamlea." Niliyasahau maneno yale miaka mingi. Kisha tukampata Ikram, kisha tukampata yule mdogo wake, wa kiume, na hakufika siku arobaini. Siku tuliyomzika wewe ulilia, mimi sikulia. Ulidhani nina moyo mgumu. Nilikuwa nasikia sauti ya bibi.

Kama kutazama kwa bahati mbaya kulinichukulia mtoto, nikimvua nguo kwa mikono yangu kutanichukulia nini? Ikram? Wewe?

Sasa unajua uliolewa na mtu wa namna gani. Nipe mpaka mwisho wa mwezi. Nitatafuta mtu wa kuniombea dua kwanza, halafu nitakuja. Wallahi nitakuja.

Twaha


Misima
24 Februari 2024

Twaha,

Barua yako ilifika imechelewa kwa siku moja. Kazi imekwisha fanyika.

Jumatano jioni nilimwekea maji kama kawaida, nikaenda kwenye mihogo kama kawaida. Nikasikia pwaa ya kwanza. Ya pili haikuja. Kilikuja kishindo, halafu kimya, halafu sauti yake. Hakuniita mimi. Alimwita mama. Alimwita kwa jina lake la usichana, mara tatu, mwanamke ambaye yuko kaburini.

Nilisimama mlangoni nikaita watu, kama ulivyoniagiza. Watu walikuwa shambani. Nikaita tena. Mle ndani alikuwa analia, anasema, "Usiingie, mkwe, usiingie, nakuomba." Basi nilivua mtandio wangu nikajifunga machoni, nikaingia nikipapasa kama kipofu. Nikamshika bega. Nikatafuta sabuni kwa miguu. Nikaanza na mgongo, na maji yote yananimwagikia mimi. Mkono ulipofika kwenye nyonga alipiga ukelele. Nikajua nimekigusa kidonda, na kidonda hakioshwi kwa kupapasa. Nikafungua macho.

Sitakuandikia nilichoona. Ni siri yangu na yake. Nitakuambia tu kwamba ngumi yangu ingeingia.

Nilimwambia, "Baba, wewe fumba yako, mimi nifumbue yangu." Akafumba. Nilimwogesha kuanzia kichwani mpaka unyayoni, maji ndoo tatu. Katikati aliacha kulia akawa anapumua tu, mpaka nikaogopa, nikamtikisa. Akasema, "Niache, mama. Ni uvuguvugu." Aliniita mama.

Dorkasi anakuja kila asubuhi kusafisha. Ametuonyesha namna ya kumgeuza kila baada ya saa mbili, kulia, kushoto, chali, na ametuletea godoro la kukopa. Anasema tumewahi kwa unywele. Jana aliswali adhuhuri akiwa amelala ubavu, na nilimsikia akikosea aya kwa sababu ya kilio.

Kuhusu bibi yako na laana yake. Mtoto yule nilimzaa mimi. Alikufa kwa homa, mikononi mwangu, na sikuona uchi wa mtu yeyote ukipita. Umenificha miaka kumi na moja kwamba ulikuwa ukimlilia, nami nililia peke yangu kitanda kimoja na wewe. Hilo ndilo sijui nitakusamehe lini. Mimi nimeona, Twaha. Kama kuna laana imekwisha nipata, na asubuhi yake uji uliiva kama siku zote.

Baba amejua kila kitu. Barua zako aliniuliza, nikamsomea. Zote.

Mwanaidi


Misima
2 Machi 2024

Kwa Twaha,

Anayeandika ni nesi Dorkasi. Anayesema ni mimi Mbaruku, baba yako. Dorkasi ameniomba nipunguze maneno mengine, nimemkatalia. Andika, mwanangu.

Kwanza, la bibi yako. Siku ile ya bwawani nilikuona. Mamba alikuwa amechukua mbuzi wa jirani wiki hiyo hiyo, na wewe ulikuwa mtoto wa kuchezea maji. Mama yangu alikutisha usirudi tena pale. Alitisha watoto wote, mimi aliniambia nikipanda paa nitaota mkia. Jioni alinieleza alichokuambia, na tulicheka. Tulicheka, Twaha, mbele ya chakula, na hakuna aliyekumbuka kukwambia. Hilo ni kosa langu. Nakuomba radhi kwa miaka yote uliyoibeba.

Pili, la kwako. Wiki saba, halafu nane, halafu tisa, nililala juu ya kidonda nikisema mwanangu akijua atakuja. Nikamtetea kwa Muhsin kwa mkongojo. Nikasema hajui tu, hawajamwambia. Kumbe ulijua tangu barua ya kwanza. Kidonda kile hakikuniuma kama uji wako wa ndimu.

Tatu. Mwanamke huyu amenishika mwili wote. Mkwe hafanyi hivyo. Kwa hiyo lazima mmoja wetu abadilike, ama mimi niwe nimevunjiwa heshima, ama yeye asiwe mkwe. Nimechagua. Jumatatu nilimwita ndugu yako wa ukoo na wazee wawili, akachinjwa jogoo, nikamlisha Mwanaidi paja kwa mkono wangu mzima mbele yao, nikasema, "Huyu ni mwanangu. Nimemzaa uzeeni." Wazee waliitikia amina. Sasa ananiogesha mtoto wangu na hakuna aibu ndani yake.

Lakini hesabu hiyo ina upande wa pili, na wewe ni mtu mwenye akili. Kama Mwanaidi ni mwanangu, wewe uliyemwoa ni nani? Wewe ndiye mkwe wangu. Na mkwe ana mipaka yake. Hasogelei kitanda cha mkwewe. Hali naye sahani moja. Akija kusalimia hafikii nyumbani, hufikia kwa jirani, na huingia akiitwa.

Ukija Misima, fikia kwa Muhsin.

Mbaruku
(ametia dole gumba)


Misima, nyumbani kwa Muhsin
8 Machi 2024

Kwa Mzee Mbaruku,

Shikamoo mkwe.

Nimefika jana na Kosta ya mwisho. Sikupita kwako, nimefikia hapa kama ulivyoagiza. Muhsin amenipa mkeka na bado nundu yake inaonekana, nimemwomba msamaha kwa niaba ya ukoo. Asubuhi mke wangu alipita na ndoo. Alinisalimia kama anavyosalimiwa mgeni, akaendelea na safari yake. Sikumlaumu.

Sikuja na visingizio. Nilivyokuwa navyo nimevimaliza kwenye barua. Nilisoma yako nikiwa nimekaa kwenye mtaro kambini, na nililia mchana kweupe mbele ya wakata mkonge. Nilimlilia mtoto wangu, nilimlilia mama, na nilikulilia wewe juu ya kile kidonda. Nyapara aliniuliza nimefiwa na nani. Nikamwambia hapana, ila nilikuwa karibu. Alinipa siku thelathini.

Sikuja siku ile ile, na sababu yake ni hii. Kambini kuna mzee anaitwa Habakuki, mgongo umemkatika kwa kubeba mizigo, na watoto wake wako mbali. Nilimwomba aniruhusu nimwogeshe. Alidhani nimerukwa na akili. Siku ya kwanza nilifumba macho na nikamtia sabuni machoni. Ya pili nilimwangusha kidogo. Siku ya nne alinitukana kwa sababu maji yalikuwa ya baridi, nami nikamjibu, na tukacheka wote wawili, na nikagundua kwamba nilikuwa nikimsugua mgongo bila kuwaza chochote. Ni mwili tu, baba. Ni mwili wa mtu aliyechoka. Hakuna aliyewahi kuniambia.

Ukwe wako nimeupokea. Ni haki yako na sikatai hukumu ya wazee. Kama utataka niwe mkwe mpaka mwisho, nitaleta zawadi zinazompasa mkwe, nitasalimia kwa mbali, na nitarudi Ngombezi.

Barua hii namwomba Muhsin akusomee kwa sauti, jioni hii, Mwanaidi akishabandika maji yako. Nitakuwa nimesimama nje ya mlango wako na mikono ya shati nimeikunja. Sitabisha hodi. Ukiniita mkwe, nitakuitikia kutoka hapo hapo nje. Ukiniita Twaha, nitaingia.

Mimi,
Twaha